Nyasi Zinapumzika

Nyuma ya hospitali, wilaya ya kumi na tatu, Paris,
kuna lango ambalo wengi hulipita
wakidhani ni la mwenye nyumba.
Ndani: mabenchi matatu, mtini ulioegemea ukuta,
na kibao: NYASI ZINAPUMZIKA HADI APRILI.

Solenne katoka zamu ya alfajiri.
Viatu kando. Yai la kuchemsha
kalimenya nusu, usingizi ukamwahi.

Saa kumi na moja, mlinzi Kerdoncuff
anakuja na funguo, filimbi mdomoni.
Anamtazama. Anakitazama kibao.
Anamtazama tena.

Filimbi inarudi mfukoni.

Njiwa mmoja analinyemelea yai;
mzee wa watu, goti bovu,
anamfukuza kwa kofia, bila sauti,
wala hakanyagi nyasi.