Pindo la Chuma

Mhina wa Mikanjuni alitaja elfu ishirini,
mkono tu, uma ninunue mwenyewe,
na baiskeli ilale kwake hadi Jumatatu.
Nikamwambia: kaka, nami nikiwa siitaki kazi
hutaja bei kama hiyo.
Nikaikokota hadi nyumbani, Barabara ya Kumi na Tatu.

Uma wa zamani umekufa mguu mmoja.
Wa kulia bado unabonyea, wa kushoto umeganda,
unavuja mafuta meusi kama sikio bovu.
Mbwana huenda nao Pongwe na kurudi,
nyuma ya malori ya saruji,
akishuka shimoni mikono hufa ganzi,
anafika darasani kalamu haishikiki.
Hajalalamika. Nimeuona mwandiko.

Basi leo cherehani nimeifunika,
meza ya kukatia nimeitandika gunia.
Uma mpya (mpya kwangu,
kontena la Makorora haliulizwi asili)
elfu thelathini na tano,
baada ya kuondoka mara tatu na kuitwa mara tatu.

Gurudumu limetoka. Waya wa breki umetoka.
Hendeli nimeilaza kando
kama kichwa cha mbuzi wa akika.
Lakini bolti ya shingo imekataa msemo wa mji:
imekuja leo, haiondoki leo.
Nikaimiminia mafuta ya cherehani,
nikaiomba radhi, nikaigonga.
Ilipoachia, gololi zikatawanyika sakafuni.
Nilizipata zote ila moja;
hiyo Mwanahija, mtoto wa jirani,
aliitema kiganjani mwangu bila aibu.

Kuna jambo hakuna aliyenieleza:
shingo ya uma mpya ni ndefu kupita ya zamani,
vidole vinne vizima.
Lazima ikatwe. Na chuma si kitambaa,
hakitiwi kiraka, hakiungwi kwa uzi wa rangi yake.

Nikaivua futi shingoni, ile ile ya sare na mabuibui,
nikazilaza shingo mbili sambamba,
nikachora kwa chaki ya bluu.
Msumeno wa Shekue, mchomea madirisha, mkononi.
Mstari umenyooka.
Nikasita.

Miaka kumi na tisa nashona sare za shule,
sijawahi kumkatia mtoto urefu alio nao.
Suruali hukatwa na ya mwakani ndani yake,
imekunjwa, imefichwa,
na Januari mama mtu huja: "Bi Mishi, niteremshie."
Mbwana ana miaka kumi na minne.
Magoti yake yanakaribia hendeli.
Nani basi alinituma nipime kwa uma wa zamani,
uliokatwa kwa mtu nisiyemjua,
mtu aliyekwisha acha kurefuka?

Nikaufuta mstari kwa mate.
Nikachora mwingine, vidole viwili juu.

Chuma kilipiga kelele mtaa mzima.
Unga wake ukaning'ang'ania kwenye kanga,
mpaka sasa haujatoka.
Ukingo nikaupiga tupa,
kama ninavyopiga ovaloki nguo isichanuke.
Grisi. Gololi. Grisi tena.
Na pale penye vidole viwili vya ziada
nikapanga pete tatu za bomba, moja juu ya moja.
Ndilo pindo.

Nikabana breki, nikasukuma mbele, nyuma:
tak.
Nikakaza robo.
Tak, lakini ndogo.
Nikakaza tena. Kimya, ila hendeli ikawa nzito kugeuka,
kama mtu aliyenuna.
Nikalegeza kwa unene wa ukucha.

Mbwana amerudi madrasa.
Ameubonyeza, umeshuka, umepanda bila kulia.
Hakusema asante, ameuliza tu
mbona hendeli iko juu hivi.
"Suruali yako ya Idi ilikuwaje?"
Akautazama mguu wake: kifundo kiko nje,
na pindo tulishaliteremsha mara mbili.
Akapanda.

Mpaka anakata kona ya Kumi na Mbili
nilikuwa natega sikio nisikie tak.
Zilisikika sauti za watu tu.

Kipande nilichokata nimekitia kwenye kopo la vifungo.
Hakina kazi.
Lakini sisi hatutupi vipande.