Hesabu ya Viatu

Baba hakuwahi kufunga mlango kabla ya kuhesabu viatu.
Chemli mkononi, nyumba yetu ya reli pale Tororo,
aliinama kizingitini akinong'ona:
jozi moja, mbili, tatu,
na ikitimia kumi na moja, komeo linashuka.
Isipotimia, hukalia ndoo iliyopinduliwa,
redio sikioni, sauti chini,
mpaka Opendi arudi ananuka malwa.
Hakumgombeza.
Alisema, "Kumi na moja," akaenda kulala.

Mchana kazi yake ilikuwa kugonga reli.
Maili sita kwenda, sita kurudi, nyundo begani,
anagonga, anatega sikio kama daktari wa kifua.
"Chuma kizima huimba," alituambia. "Chenye ufa hukohoa."
Basi tukawa tunakohoa kwa zamu, waongo sisi,
ili nasi atuwekee sikio mgongoni.

Surua ilipompitia Athieno, mwaka ule wa mvua nyingi,
sisi tuliobaki tulijua hesabu imeshuka.
Yeye hakuishusha.
Raba zake nyeupe, ndogo, kamba zimefungwa fundo la baba,
zilibaki pembeni kulia, na kila usiku
kidole chake kiliziendea mwisho:
kumi na moja.
Mama aligeukia ukuta. Hatukulizungumza.

Kisha mshahara ukakoma, kisha treni, kisha king'ora.
Nyasi zikaota kati ya mataruma, mbuzi wakashiba.
Baba akafungua sanduku la spana barazani,
akaziba pancha za baiskeli za watu wa mpakani,
shilingi kwa shilingi, ada ya watoto wanane.
Kucha zake ziliingia nyeusi hata kanisani,
alikokosea kila noti kwa sauti ya juu.
Nawapenda? Neno hilo sikulisikia kwake.
Aliuliza: umekula? tairi lina upepo? una nauli?

Mama alipopooza upande, alimwogesha, akamsuka,
mistari imepinda kama njia ya ng'ombe,
akasonga ugali wa wimbi mbele ya wanaume wenzake.
Wakacheka: Zefania kafunga leso!
Akapangusa mwiko. "Reli ni vyuma viwili," akasema,
"kimoja ni chuma chakavu."
Miaka kumi na mitatu aliubeba ule upande uliolala.

Amefariki na miaka tisini na miwili, Jumanne,
wimbi halijapandwa,
akilalamika kuwa chai haina tangawizi.

Usiku wa matanga nilitoka na tochi ya simu.
Malapa, buti za mgambo, visigino virefu vya shangazi wa Jinja,
viatu vya kitukuu vinavyowaka taa akitembea,
vimetapakaa hadi kwenye mihogo.
Niliinama. Mgongo ukalia, nami ni bibi sasa.
Nilipofika mia mbili na sita
nikaziona zile raba, siku hizi rangi ya udongo,
pembeni kulia. Nani kazitoa sandukuni, sijui.
Mtoto akapita, akavaa vyake, akanivurugia.
Nikaanza upya: jozi moja, mbili