Mdudu wa Hilkka

Hilkka kamkuta shingoni, chini ya skafu,
aliporudi msituni na ndoo ya uyoga.
Bapa kama punje ya ufuta,
anakimbia upande upande kama kaa.

"Kupe," asema Taisto, macho gazetini.
Hilkka anamhesabu miguu juu ya sahani nyeupe:
sita.
Kupe ana minane.

Anambinya kwa ukucha. Hafi.
Kwa kijiko. Kijiko kinateleza.
Anachukua miwani ya marehemu mama yake,
ile ya kusomea Zaburi,
na mabegani mwa mdudu anaona
visiki viwili, mahali palipovunjika kitu.

Anaikung'uta skafu dirishani.
Bawa moja linadondoka,
jembamba kuliko ganda la kitunguu.
Kisha la pili.

"Taisto! Ni inzi. Inzi wa kulungu.
Kaniruka, kanitua, kisha kayakata mabawa mwenyewe!"

Sasa ndipo Taisto anainua macho.
Miaka arobaini na mmoja iliyopita
alishuka basini hapa na begi moja,
kuchuma beri siku tatu tu.

Anajikuna shingo.
"Na kama si kulungu aliyemtua?"

"Basi atakula alichokikuta,"
asema Hilkka,
na kumfunika kwa glasi.