Daftari la Vumbi Jeupe

Nimerithi daftari, si kombe.
Kombe hatukuwahi kuwa nalo.
Jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia la saruji,
na ndani, mwandiko wa Yoakimu Oboth,
karani wa kiwanda hapa Tororo, katibu wetu wa kwanza:
"Leo tumeanza timu. Tuko tisa."

Tisa hao wakaenda kucheza na Reli, waliotimia.
Saba bila. Oboth hakuandika kwamba tulifungwa.
Aliandika: "Reli walifika mapema."

Jina walitupa wao.
Tulikuwa tukitoka zamu nyusi nyeupe, kope nyeupe,
tunaingia uwanjani kama wezi wa unga,
nao wakipiga kelele juu ya tuta: Vumbi Jeupe!
Tusi ukiliitikia mara tatu, ni lako.

Jezi za kwanza zilikuwa pazia.
Vithaldas wa duka la nguo alitukatia jora zima,
maua ya zambarau, "miaka miwili halina mnunuzi,"
na Nyaketcho akalishona kwa cherehani ya miguu,
usiku tatu, kola moja imeenda upande hadi leo.
Sabini na mbili, Vithaldas alipopewa siku zake tisini,
aliacha ufunguo, mizani,
na mpira mpya ndani ya karatasi yake.
Daftari: "Mpira 1. Mwenyewe hayupo."

Nguzo za goli zilikuwa chuma cha njia ya treni.
Usiniulize. Reli walifika mapema,
wakaondoka wamepungukiwa.

Halafu ukurasa huu, ambao nimeufungua mpaka umelegea:
"Machi, 1979. Forodha ya Malaba. Moja kwa moja.
Dakika ya sabini. Penalti kwetu.
Ofwono ameweka mpira"
hata nukta hakuna.
Malori ya askari wanaokimbia vita yalikatiza uwanja,
yakaondoka na gari la wageni, saa ya refa,
na pazia zetu sita zilizokuwa zimeanikwa.
Malaba walirudi kwao kwa miguu, njumu shingoni.

Miaka arobaini.
Msibani, mnadani, kwenye foleni ya bomba:
wao wanasema lilikuwa bega,
sisi tunasema mkono, tena yote miwili.
Binti yetu alipochumbiwa kule, wajomba walikaa,
wakanywa soda, na kabla ya kutaja ng'ombe hata mmoja
mmoja akakohoa: "Kwanza, ile penalti."

Uwanja nao umekatwa; kona ya kaskazini
sasa ni kituo cha petroli.
Chuma cha magoli kiliuzwa kwa kilo, usiku,
tukasimamisha mikaratusi, na mmoja ukachipua.

Ndipo nikawaandikia Malaba:
Njooni tumalize dakika ishirini.
Wakaja. Wanne wa siku ile, kwetu watano,
mapengo yakajazwa na wana
na mjukuu mmoja, Athieno, aliyewapita wote mbio.

Ofwono akampa refa fimbo yake amshikie.
Golini Emojong, yule yule,
mgongo haukunjiki tangu aanguke na pikipiki.
Mpira ukapigwa.
Ukatambaa, ukapita shimo la sungusungu, ukasita,
ukasimama hatua moja kabla ya mstari.

Emojong hakuweza kuinama.
Ofwono hakuweza kuufuata.
Wakautazama wote wawili
kama wanaongoja maji ya chai yachemke.
Kule petroli, hata pampu ilinyamaza.

"Niumalizie?" akauliza Athieno.
"Uache!" wakajibu, kwa sauti moja,
mara ya kwanza wanakubaliana.

Giza lilipoingia tuliwapeleka wakale.
Nikabaki na penseli, nikaendeleza pale Oboth alipoachia:
dakika ya sabini na moja,
mpira ungali mchezoni.