Chujio la Tano

Waya ni mmoja. Nyuzi mbili za shaba
zinashuka nguzo kwa nguzo kutoka Ffestiniog,
zinapita machimbo ya mawe ya kuezekea, mvua, kondoo,
hadi ukutani kwa Bibi Modlen, nyuma ya kabati la vikombe.

Ithel amekuja na boksi: modemu moja, machujio manne.
"Ni kama chujio lako la chai, Bibi.
Sauti inapita kwenda kwenye simu,
majani yanabaki upande wangu."
Bibi akauliza: wewe ndiye wa kunywa majani?

Simu ya jikoni, chujio. Ya ukumbini, chujio.
Ya kando ya kitanda. Ya chini ya ngazi, yenye kipepesi.
Taa ikapepesa nyekundu, ikasita,
kisha kijani, tuli, jicho la paka aliyeshiba.

Jumapili saa kumi simu ikalia.
Luned, dada mtu, kutoka Trelew, kule mwisho wa Ajentina,
miaka thelathini na mmoja hajakosa saa kumi.
Taa ikafa.

Jumapili ya pili, saa kumi, ikafa tena.
Ithel akabadilisha nyaya, akaapiza,
akapigia kampuni, akalishwa muziki dakika arobaini.
"Umehesabu simu zote?"
"Nne."
"Hesabu tena."

Ya tatu, hakukaa kuilinda taa. Aliufuata waya
kwa vidole, kama fundi anayetafuta mshono ulioachia:
umetoboa fremu ya dirisha, umevuka ua,
umeingia banda ambamo marehemu babu
alikesha na kondoo wenye uchungu.
Chini ya gunia, simu nyeusi, nzito kama pasi,
kengele imejaa nyasi, inajikohoza.

Akainua mkono wa simu aseme, nimekukamata.
"...mtoto anasema tutaonana nyuso," Bibi alikuwa akisema.
"Mimi uso wako ninao. Wa bandarini, ule.
Hebu nyamaza kidogo, nikusikie unavyopumua."
Pumzi ikaja kutoka Trelew, na juu yake
mchirizo mwembamba wa kelele, kama mafuta kikaangoni:
intaneti yake yeye, Ithel, ikivuja
katikati ya ndugu wawili.

Akaulaza mkono wa simu polepole.

Jumatatu akashuka dukani.
"Mangapi?"
"Moja."
Muuzaji akatazama koti lake linalochuruzika.
"Moja tu, na mvua yote hii?"