Mizani ya Unga

Saa kumi na moja alfajiri tanuri limezimwa,
mikate imeshaondoka na gari.
Plovdiv bado imejikunyata chini ya theluji ya Februari,
na sisi wawili, Stoyanka na mimi,
tunaitandaza Ulaya juu ya meza ya kukandia.

Ramani ni ya shule, kuukuu, imechanika penye Alps,
ina nchi moja pana ambayo siku hizi ni nchi kadhaa.
"Hii tutaipitaje?" nauliza. "Haipo tena."
"Ndiyo nafuu yake," asema.
"Nchi isiyokuwapo haidai nauli."

Likizo, siku kumi na nne.
Pesa zimo kwenye chupa ya achari;
tumezihesabu mara mbili, mara ya pili zikapungua.
Mipango si matumizi, najua.
Lakini penseli ina utamu wake:
inavuka Danube bila kuulizwa pasi,
inalala Budapest bila kulipia kitanda,
haitoki malengelenge.

Mimi nataka Vienna. Nasema wazi.
Nataka kuketi mkahawani, miguu chini ya meza,
niletewe keki iliyookwa na mtu mwingine
aliyeamka usiku wa manane kwa zamu yake, si yangu,
niichome uma,
niikosoe.

Stoyanka hana anachotaka. Popote sawa, asema.
Ila mkono wake una ukaidi wa maji.
Ukianzia Belgrade, unateleza magharibi.
Ukianzia Athens, unapanda meli hadi Bari, unapinda.
Nikiukokota hadi Krakow, unanihadaa kwa Berlin,
unanihadaa kwa Paris,
halafu unashuka Pyrenees kama mbuzi aliyenusa chumvi
na kutua palepale.
Zaragoza.

"Kuna nini Zaragoza?"
"Mto."
"Mto si huu hapa, nyuma ya ghala?"
"Kuna na kanisa. Kubwa."
Stoyanka huyu, ambaye kanisani
huingia kwa harusi, au mvua ikimkuta njiani.

Simtaji Kaloyan. Naye hamtaji.
Jina la mtoto limeandikwa kwa wino pembeni mwa ramani,
darasa la sita, mwandiko wa kulala,
na kiwiko cha mama yake kimelifunika tangu tuanze.
Huko Zaragoza alikuwa anaosha sahani.
Tangu Pasaka simu yake inalia
katika chumba tusichokijua.

Nachukua kifutio.
Nafuta Prague. Nafuta Berlin
pamoja na basi lake la usiku, la bei ya kutupa.
Vienna naizungushia duara kwanza, naitazama,
kisha nayo naifuta,
napuliza vumbi lake likaangukia unga.
"Mbona hiyo?" asema.
"Ghali," namjibu. "Na keki zao, wanasema, kavu."

*

Septemba. Shanta mbili, mizani moja.
Tuliapa kilo nane kila mtu,
kwani magoti yetu si ya wanafunzi.
Yake inasoma kumi na nusu.
Tunatoa taulo. Tunatoa pasi ya nguo (pasi, Stoyanka!).
Tunatoa mwavuli.
Inabaki chupa ya lutenitsa,
pilipili hoho alizozichoma uani mwenyewe,
moshi ukamliza hadi jioni.
"Ya kula kwenye treni," asema, bila kunitazama.
Tangu apasuliwe tumbo, pilipili haigusi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga;
labda hawakuwahi kubeba kioo.
Natoa viatu vyangu vya pili,
vyeusi, vya kisigino kifupi, nilivyovinunua Machi
kwa ajili ya mkahawa ule uliofutika.
Naiviringisha chupa ndani ya sweta langu,
naisukuma hadi chini kabisa, penye mgongo.

Mshale unapanda, unatetemeka,
unasimama juu ya tisa.

"Umezidisha," asema.

Miaka kumi na tisa tumepima unga hapa,
hatujawahi kukosea hata gramu.
"Mizani hii," namwambia, nikifunga kamba,
"inadanganya."