Karani wa Mizani

Bando la usiku huanza saa sita.
Malori ya Kibaigwa yamekwisha kuzima injini,
magunia yamelaliana kama wageni wa msiba.
Mimi ni karani wa mizani, mkate wangu kilo,
lakini ikigonga saa sita napima visivyopimika:
nafungua simu yenye ufa
na dunia inaingilia ufani.

Nilianza na bei ya mahindi, haki ya Mungu.
Bei ikanipeleka kwa dumuzi, dumuzi kwa panya,
panya kwa bwana mmoja wa mbali mwenye vijiko elfu tatu
asiyekunywa chai.
Kijiko kikanitupa Australia,
kwa mnyama mfupi, mnene, aitwaye wombati,
ambaye kinyesi chake hutoka mchemraba,
kimekatwa kama sabuni ya mche.

Nikacheka peke yangu saa nane ya usiku
hata mlinzi, Chiloloma, akaja na rungu.
Nikamwonyesha.
Akaegemea rungu, akatazama, akatazama,
akauliza moja tu:
"Anatoaje?"

Toka usiku ule tuko wawili.
Maana raha ya namna hii ni mlenda,
ukiuvuta peke yako unakuchafua kidevu;
inafaa uwepo mkono wa pili bakulini.

Mkono wa tatu ni dada yangu Sechelela, Hombolo.
Ana kitochi, hapati picha, humwandikia maneno.
*Pweza ana mioyo mitatu.*
Akajibu: *Wa kwangu hapa hata mmoja sijauona.*
*Kuna mchanga wa jangwani unaovuma kama ngoma.*
*Lala, mdogo wangu.*
*Watafiti wametazama ng'ombe kwa picha za angani,
wanasema wakila hujipanga kaskazini kwa kusini.
Wengine wanabisha.*
Hapo alikaa kimya mpaka kesho yake jioni.
*Nimewahesabu wa baba mkwe.
Wanane kaskazini. Watatu kusini.
Yule mwekundu kaelekea shamba la jirani.
Waambie hao watu wako
mwekundu hana dira, ana nia.*

Mwezi wa pili radi ikaupiga mnara.
Siku nne simu ikawa tochi tu.
Chiloloma alikuja kila saa nane, akachungulia kioo,
akarudi getini bila neno,
kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Mtandao uliporudi, ujumbe uliingia kwa kusukumana,
kumi na moja, wote wa Sechelela:
*Kuku wa mama Mbeleje anatagia kofia ya mgambo,
na mgambo anamwomba ruhusa.*
*Kuna ndege amejifunza honi ya bodaboda, tumekimbia barabarani mara mbili.*
*Mbona kimya?*
*Chura ameingia kwenye redio. Haijaharibika,
ila taarifa ya habari sasa ina pumzi.*
*Nimekuta zabibu mbili zimeungana mgongo, nimekuwekea.*
*Uko hai?*
*Zabibu zimenyauka. Njoo hivyo hivyo.*

Nikaona aibu kumjibu kwa maneno ya hovyo.
Mtu wa mizani nikashika mizani nyingine,
nikahesabu kwa vidole juu ya kitabu cha stakabadhi:

Pweza ana nyoyo tatu, nimesoma si uzushi,
Nao mchanga si mtu, huvuma bila utashi,
Ng'ombe mwekundu wa kwetu, dira yake ni ubishi,

na mshororo wa nne ukagoma.
Nikamtumia hivyo hivyo, mitatu.
Akajibu upesi: *Kigoda kina miguu mitatu na tunakalia.
Lete ya leo.*

Ya leo sikuwa nayo.
Bando lilikuwa limebaki robo,
nje lori la kwanza linapiga honi, au yule ndege,
na Chiloloma amesimama mlangoni, koti limelowa.
Nikamsomea habari ya chura.
Akaegemea rungu.
Akafikiri muda mrefu, dereva akitukana huko nje.
"Redio ile," akasema, "ina tundu wapi?"